Kufuli Mlangoni mwa Zahanati

Mazungumzo haya tuliyatoa mbele ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia walipokutana kwa semina ya siku moja. Wengi waliomba yaandikwe ili wakayasome na wenzao nyumbani. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.

Akina mama, akina baba na vijana, hamjambo? Asanteni kwa kuacha palizi na kuja kuketi nasi. Tunajua siku moja wakati wa palizi si kitu kidogo.

Mlituandikia mkitaka tuzungumze juu ya namna ya kuomba pesa za kujenga. Barua zenu tumezisoma zote. Kikundi kimoja kinataka zahanati, kingine kinataka darasa la chekechea, na akina mama wa mboga wanataka soko lenye paa. Tutafika huko. Lakini kwanza turuhusuni tuwape habari ya kufuli.

Katika wadi moja tunayoitembelea kuna zahanati. Hatutaitaja jina, maana mambo yake bado hayajaisha na wanaohusika ni majirani. Ni jengo zuri. Lina vyumba vitano, mabati ya kijani, veranda ya kungojea, tangi la maji, na choo chenye milango miwili. Wananchi walitoa mawe na mchanga. Wanawake walibeba maji ya kukorogea saruji, ndoo kwa ndoo, kutoka mtoni. Kontrakta alimaliza, mheshimiwa akaja, utepe ukakatwa, tukacheza ngoma mpaka jua likazama. Jioni ile ile mlango ulifungwa kwa kufuli. Kufuli hilo lilikaa pale miaka minne.

Popo waliingia darini. Tangi lilipasuka kwa jua. Kibao chenye jina la zahanati kilianguka, mtu akakifanya mlango wa banda la kuku (na sisi tulikiona, maandishi yakiwa chini juu). Wagonjwa waliendelea kutembea kilomita 11 hadi kituo cha afya, na njia yao ilipita mbele ya veranda hiyo hiyo. Mama mmoja alishikwa na uchungu usiku, akajifungulia pale verandani, nje ya mlango uliofungwa. Mtoto ni mzima. Mama mwenyewe ameketi hapa leo na ametupa ruhusa tuseme.

Basi tukaanza kuuliza: ufunguo uko kwa nani? Chifu alisema uko kwa kamati. Kamati ikasema ulibaki na kontrakta. Kontrakta akasema yeye alirudisha ofisini. Ofisini tukaambiwa jengo "halijakabidhiwa". Tukauliza halijakabidhiwa na nani kwa nani. Hapo karani akatutazama, akatuambia turudi Jumatatu.

Jumatatu hizo zilikuwa nyingi. Lakini katika kwenda na kurudi tulijifunza jambo ambalo tungependa kila kikundi kilijue kabla ya kuandika barua nyingine ya kuomba jengo. Nalo ni hili: jengo la serikali lina pesa za aina tatu, na pesa hizo hazikai katika mfuko mmoja. Kuna pesa za kujenga. Kuna pesa za mishahara ya wale watakaofanya kazi ndani. Na kuna pesa za kulitunza: dawa, maji, stima, rangi, mlinzi, kufuli lenyewe. Mwenye kutoa pesa za kujenga anaweza kumaliza kazi yake yote, akakata utepe na kwenda zake, na zile mbili nyingine zisiwe zimeandikwa popote. Sisi tunaomba jengo. Tunapewa jengo. Hatukuomba muuguzi.

Wazee mliopo mtakumbuka kwamba jambo hili si geni. Siku za harambee katika miaka ya 1970 na 1980 tulijenga shule na zahanati nyingi kwa mikono yetu, kisha tukangoja serikali ilete mwalimu au daktari. Mahali pengine walikuja. Mahali pengine hawakuja, na miaka ya 1990 serikali yenyewe ilipoanza kupunguza watumishi na kuwalipa wastaafu mapema, kungoja kukawa kurefu zaidi. Ilipokuja sheria ya CDF ya mwaka 2003, kila eneo bunge likapata fungu lake na ujenzi ukashika kasi. Zahanati zilichipuka kama uyoga. Lakini kamati ya CDF haikuwa na uwezo wa kuajiri muuguzi. Kazi hiyo ilikuwa ya wizara. Mkono mmoja ulijenga, mwingine ukashika mishahara, na mikono hiyo miwili haikuzungumza sana. Mwaka 2009 serikali ilianzisha mpango wa kuchangamsha uchumi, na katika mpango huo kila eneo bunge lilitengewa kituo cha afya cha mfano na soko la mazao. Baadhi ya majengo hayo yalikaa miaka bila kumalizika au bila kufunguliwa, na ripoti za wakaguzi zimeyataja tena na tena. Akina mama wa mboga, mnaposema mnataka soko lenye paa, kumbukeni kuna masoko yenye paa ambayo ndani yake wanalala mbuzi.

Tangu mwaka 2013 zahanati na vituo vya afya viko chini ya kaunti, kama Katiba ya 2010 ilivyopanga. Sasa mjue nani ni nani. Muuguzi wa zahanati huajiriwa na Bodi ya Utumishi wa Umma ya kaunti. Mwalimu wa chekechea naye ni wa kaunti. Mwalimu wa shule ya msingi ni wa TSC, tume ya walimu, na hiyo ni ya taifa zima. Kwa hiyo ukimwandama gavana kwa sababu ya mwalimu wa darasa la nne unampigia mlango usio wake, naye atafurahi kukuambia hivyo.

Haya, turudi kwenye mishahara, maana hapo ndipo penye mambo.

Sheria inasema kaunti isitumie zaidi ya asilimia 35 ya mapato yake yote kulipa mishahara na marupurupu. Yaani katika kila shilingi 100 zinazoingia, 35 tu. Kiwango hicho kimewekwa na kanuni za usimamizi wa fedha za kaunti za mwaka 2015. Na sheria ya fedha ya mwaka 2012 inataka angalau shilingi 30 katika kila 100 za bajeti zitengwe kwa maendeleo. Kaunti nyingi zimevuka hiyo 35. Msimamizi wa Bajeti, ile ofisi ya Nairobi ambayo kaunti haziwezi kutoa pesa benki bila idhini yake, huziandika katika ripoti zake za kila robo mwaka. Huandika pia juu ya mishahara inayolipwa kwa orodha za mkono, nje ya mfumo wa kompyuta, ambako ni vigumu kujua anayelipwa ni nani.

Sasa hebu fikirini. Kaunti inalipa mishahara kupita kiasi, na zahanati haina muuguzi. Yawezekanaje? Mwanachama mmoja alitujibu haraka: "Ni wizi tu!" Pengine. Lakini wizi peke yake haujibu swali lote. Kuna walioajiriwa kwa haki, lakini wamejaa makao makuu na mjini: makarani, madereva, wasaidizi wa wasaidizi. Kuna waliorithiwa kutoka mabaraza ya zamani ya miji mwaka 2013. Kuna walioandikwa kwa ahadi za kampeni. Hao wote ni watu wa kweli, wana watoto shuleni, na kuwaondoa si rahisi. Kaunti ikifika mahali pa kuajiri wauguzi inasema tumefika ukingoni, hatuwezi kuongeza. Na ni kweli wamefika ukingoni. Swali ni nani aliyewafikisha, na kwa kuajiri akina nani.

Kisha kuna wale tunaowaita wafanyakazi hewa. Mnakumbuka mwaka 2014 serikali iliwaandikisha watumishi wake kwa alama za vidole ili kuwatafuta. Mtu hewa hutokeaje? Mwingine amekufa na jina lake halikufutwa. Mwingine ameacha kazi. Mwingine analipwa mahali pawili. Mwingine hakuwahi kuzaliwa. Ni jina na nambari ya benki tu.

Lakini sisi tulikutana na aina nyingine. Tulipopata karatasi za ile zahanati yenye kufuli, tulishangaa kuona kwamba katika vitabu ilikuwa na wafanyakazi wawili: muuguzi na mlinzi. Miaka mitatu! Tukamtafuta muuguzi. Hakuwa hewa hata kidogo. Alikuwa hospitali ya mjini, anafanya kazi usiku na mchana, amechoka kuliko sisi. Alipangiwa zahanati kwa karatasi, akafika, akakuta kufuli, akarudi ofisini, akaambiwa asaidie mjini kwa muda. Muda huo ukawa miaka. Hakuiba kitu. Lakini aliyesoma orodha Nairobi aliona kwamba zahanati yetu ina muuguzi, kwa hiyo haikuwa na haja ya kupewa mwingine. Mnaona? Karatasi ilikuwa imeshiba, na mgonjwa ana njaa.

Mlinzi hatukumpata. Hiyo ni habari nyingine, na iko mikononi mwa wanaohusika.

Hapa ndipo tunasema nyinyi mna nguvu ambayo mkaguzi hana. Mkaguzi Mkuu wa Serikali ana ofisi na wataalamu wenye kujua hesabu. Lakini hawezi kuketi kila siku kwenye veranda ya zahanati yenu. Nyinyi mwaweza. Kikundi kimoja cha akina mama kiliweka daftari ya shule ya shilingi chache. Kila aliyekwenda kituoni aliandika tarehe, saa, kama mlango ulikuwa wazi, na wahudumu wangapi walikuwepo. Hawakuandika majina ya wagonjwa wala magonjwa yao, hilo si letu. Baada ya miezi mitatu walikuwa na jambo ambalo hakuna ofisi ya kaunti iliyokuwa nalo. Walipofika kwenye mkutano wa bajeti hawakusema "tunateseka". Walisema: katika siku 64 tulizofika, siku 27 mlango ulikuwa umefungwa, na Ijumaa zote haukufunguliwa. Ofisa alinyamaza, akaomba aone hilo daftari.

Tahadhari moja. Muuguzi aliye peke yake si adui yenu. Anachukua dawa makao makuu mwenyewe, anahudhuria mikutano, anaugua, ana likizo yake. Mwaka 2017 wauguzi waligoma miezi mitano, kuanzia Juni hadi Novemba, na zahanati nyingi zilifungwa kabisa kwa sababu zinategemea wauguzi tu. Wale wafanyakazi wa afya walioajiriwa kwa mkataba mwaka 2020 nao walikaa miaka wakisukumwa kati ya wizara na kaunti, kila mmoja akisema mwenzake ndiye wa kuwalipa. Daftari ni la kuihesabu serikali, si la kumwinda binti wa watu aliyepangiwa kazi kijijini kwenu.

Sasa jengo lenyewe, na ardhi lililosimama juu yake. Hapa tutakaa kidogo, maana hapa ndipo tunapojifunga wenyewe.

Zahanati nyingi na shule za chekechea zilijengwa kwenye shamba la mtu mwema. Mzee alisema, "Chukueni kipande hiki, ni cha watoto wetu wote." Watu wakapiga makofi, mbuzi akachinjwa, basi. Hakuna kilichoandikwa. Cheti cha shamba kimebaki kwa jina la mzee, au la baba yake aliyekufa zamani. Mzee naye anafariki. Wanawe wanarudi kutoka mjini na kipimo mkononi. Mmoja anasema baba hakutuambia. Kaunti nayo inasema haiwezi kuweka pesa za ukarabati kwenye ardhi isiyo yake. Ripoti za ukaguzi za kaunti zimejaa neno hili: majengo na mashamba yasiyo na hati, orodha za mali zisizokamilika. Mali ya yale mabaraza ya zamani ilikuwa ihesabiwe na kukabidhiwa kaunti, na kazi hiyo ilichukua miaka mingi kuliko ilivyotazamiwa.

Kwa hiyo mkipewa ardhi, mfanye haraka mwenye ardhi angali hai na mwenye nia. Mke wake awepo na akubali kwa sahihi. Wana wake waitwe. Mpimaji apime, na kwa mashamba ya kilimo mwende kwenye bodi ya ardhi kuomba kibali cha kugawa na kuhamisha. Mpaka hati iandikwe kwa jina la umma. Mzee akifa kabla ya hapo, lazima mambo ya urithi yapite mahakamani kwanza, na huko mtu hutembea mpaka viatu vinaisha. Gharama ya mpimaji ni kubwa, ndiyo. Lakini mlichanga mawe ya zahanati. Changeni na karatasi yake.

Na kuhusu kukabidhiwa: kontrakta akimaliza, kuna hati inayosema jengo limekaguliwa, limepokelewa, na sasa liko chini ya idara fulani. Bila hati hiyo jengo ni yatima. Halimo katika orodha ya mali, hakuna anayelipangia rangi wala dawa. Kamati yenu iombe nakala ya hati hiyo siku ya utepe, kabla ya ngoma. Tulikosea sana sisi kucheza kwanza.

Mtasema, karatasi hizi tutazipataje? Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya mwaka 2016 imeeleza jinsi ya kufanya. Unaandika barua, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Ndiyo, Kiswahili, msikubali kuambiwa vingine. Asiyejua kuandika, ofisa wa habari ana wajibu wa kumsaidia. Hulazimiki kueleza sababu ya kutaka kujua. Kuomba ni bure, ila mnaweza kulipia nakala. Ofisi ina siku 21 za kukujibu; inaweza kuongeza siku 14 mara moja tu, kwa sababu zilizotajwa na sheria. Ikikataa, una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Ombudsman, tume inayosikiliza malalamiko juu ya ofisi za serikali.

Barua yetu juu ya zahanati ilikuwa fupi. Tuliandika hivi: "Tunaomba, kwa mujibu wa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, tupewe: nakala ya hati ya kukabidhi jengo la zahanati, idadi na vyeo vya wafanyakazi waliopangiwa zahanati hiyo tangu ilipojengwa, na mahali wanapofanya kazi sasa, na pesa zilizotumika kwa ukarabati wake kila mwaka." Basi. Hatukutukana mtu. Hatukusema tunajua mambo. Tulipeleka nakala mbili, moja ikapigwa muhuri na tarehe, tukarudi nayo. Muhuri ule ulitusaidia kuliko hotuba zote, maana siku ya 21 ilipita kimya, siku ya 35 ikapita, na tulipokwenda kwa Ombudsman walituuliza kwanza: mliandika lini? Tukaonyesha.

Jibu lilipokuja lilikuwa na kurasa nne. Ukurasa wa tatu ulisema jengo lilipakwa rangi mwaka uliopita. Tukatoka tukaenda kuliangalia tena, tukidhani pengine macho yetu yana shida.

Sasa tarehe, na hizi mziandike. Mwaka wa pesa wa serikali unaanza Julai 1. Watu wengi huenda kwenye mikutano ya bajeti Mei, wakati makadirio yamekwisha kupelekwa kwa bunge la kaunti, maana mwisho wake ni Aprili 30. Wakati huo unaweza kusogeza kidogo tu. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa kabla ya Septemba 1 ya mwaka uliotangulia, na karatasi ya mikakati ya fedha mwisho wake ni Februari 28. Muuguzi mnayemtaka mwaka ujao ombeni katika miezi hiyo. Mkishaomba jengo, katika sentensi hiyo hiyo ombeni na watu wa ndani na fedha za kulitunza. Msitenganishe.

Mwaka ukiisha Juni 30, Mkaguzi Mkuu ana miezi sita, hadi Desemba 31, kutoa ripoti. Bunge la kaunti lina miezi mitatu ya kuijadili. Zamani ripoti hizi zilichelewa miaka, zikafika wakati aliyekula amekwisha staafu. Siku hizi kijana mwenye simu anaweza kuzipata kwenye tovuti ya ofisi hiyo. Ni ndefu na lugha yake ni ngumu, lakini msiogope. Tafuteni kwanza maoni ya mkaguzi. Akiwa ameridhika atasema. Akiwa ameridhika ila kwa mambo fulani, atayataja hayo mambo. Akisema hesabu hazionyeshi ukweli, hiyo ni mbaya. Na akisema hawezi kutoa maoni kwa sababu hakupewa karatasi za kutosha, mara nyingi hiyo ndiyo mbaya kuliko zote. Kisha tafuteni mahali palipoandikwa mishahara, mali, na miradi iliyokwama. Mwiteni mwalimu wa sekondari awasomee jioni moja, mumpe chai.

Jambo jema moja: tangu sheria ya mwaka 2023, pesa ambazo kituo cha afya cha umma kinakusanya hubaki kituoni kwa matumizi yake, na kuna kamati ya kuzisimamia. Ulizeni ni akina nani walio katika kamati yenu, na kama wanaketi. Na tafadhali, vitabu vya vikundi vyetu navyo viwe safi. Ofisa mmoja alitujibu hivi: "Nyinyi mnaoniuliza risiti, za kikundi chenu ziko wapi?" Tulikuwa nazo. Lakini tulishukuru kwamba hakuuliza mwaka uliotangulia.

Baada ya mazungumzo kulikuwa na maswali. Tutaandika mawili tu.

Mzee mmoja aliuliza: "Walimu wangu, tukiuliza hivi, si watatunyima mradi?" Tulimjibu kwamba inawezekana. Kuna kikundi kilichouliza na jina lake likakosekana katika orodha ya mbegu msimu uliofuata. Hatuwezi kusema ni kwa sababu hiyo, lakini walihisi hivyo. Ndiyo maana tunashauri barua ziandikwe na vikundi vitano au sita pamoja, na sahihi ziwe nyingi. Jina moja ni rahisi kulisahau.

Mama yule wa verandani akauliza: "Na hiyo zahanati sasa je?" Kufuli limeondolewa. Hati ya kukabidhi ilitiwa sahihi, miaka minne baada ya utepe. Muuguzi mwingine amepangiwa, na huyu anakuja. Daftari linaonyesha siku nne kwa juma, wakati mwingine tano. Hakuna mlinzi wala tangi, na usiku bado hakuna mtu, kwa hiyo mwenye uchungu wa usiku angali anatembea kilomita 11. Habari ya rangi iko kwa mkaguzi wa ndani wa kaunti. Ardhi bado ni ya jina la marehemu. Wanawe wawili wamekubali, wa tatu yuko Mombasa na hajapokea simu yetu.

Mfano wa barua uko kwa karani wetu. Kila kikundi kichukue nakala moja, na mkipeleka yenu msirudi bila muhuri.